Mama wa Siné na Mlango wa Nyangwe

Filamu ilipokwisha, Mama wa Siné hakumuuliza mtu yeyote kama imempendeza. Alipita kati ya mabenchi akigusa vikombe vya chai kwa mgongo wa kidole, kimoja baada ya kingine, kama mama anayepima homa ya watoto. Kikombe kikiwa kitupu, filamu ilikuwa ya kupitisha muda tu. Kikiwa kimejaa na kimepoa, basi mwenyewe alisahau kama ana koo, na filamu hiyo ingeonyeshwa tena.

"Mudomo wa mutu unadanganya," alikuwa akisema. "Chai haina mudomo."

Wajanja walijaribu kumkwepa. Kulikuwa na wanaume walioingia wakijigamba kwamba filamu za mapenzi ni mambo ya wanawake, kisha chai yao ikakutwa baridi. Hao walisema wameiacha kwa sababu ya nzi. Mama wa Siné alishika kiuno. "Nionyeshe nzi," alisema. Aliyeshindwa kumwonyesha nzi alikunywa chai yake baridi mbele ya watu wote, mpaka tone la mwisho, huku sisi tukipiga meza.

Chai yake mwenyewe haikupoa hata siku moja. Aliinywa ya moto, akamaliza, akageuza kikombe juu chini kwenye sahani ili kila mtu aone. "Mimi niko mwenye siné," alisema. "Mupishi hashangai moshi."

Siné yenyewe, sinema yetu, ilikuwa chumba kirefu cha matofali karibu na soko la Kasongo. Ndani, televisheni kubwa moja ukutani. Juu ya bati, paneli za jua, na nyuma ya nyumba, grupu, jenereta ya kutia umeme siku ambazo mvua imelifunika jua. Nilikulia ndani ya chumba kile, na yote ninayoyajua kuhusu kumchekesha mtu niliyaokota pale sakafuni. Leo ninatengeneza michezo ya kompyuta. Watu wa Kinshasa wameicheza, na watu wa nchi ambazo sijazikanyaga wameicheza na kuiandikia maneno marefu. Ninajisifu, ndiyo, na sioni haya. Lakini mhakiki wa kwanza niliyemwogopa alikuwa huyu mama, na sijampata wa pili.

Alikuwa rafiki wa nyanya yangu, na ua wao ulikuwa mmoja. Kwetu hilo linatosha. Mimi ni mjukuu wake, yeye ni koko wangu, na kwa kuwa mjukuu na koko hutaniana, mimi ni mume wake. Alinishitaki sokoni kwamba simletei samaki. Akinikuta nimesimama na wasichana, alipiga kelele, "Bwana yangu, na mimi nitabaki na nani?" Siku ya harusi yangu aliingia akilia kwa sauti, kitambaa kichwani, akisema mume wake ameibwa mchana kweupe na hakuna askari wa kumsaidia. Wageni walicheka mpaka shehe akaomba wanyamaze. Kisha akamfungua mke wangu Zaina mikono, akamwekea kitenge kizuri kuliko vyote vilivyoletwa siku ile, na kumwambia, "Muke mwenzangu, huyu bwana anakoroma. Usiseme sikukuambia."

Usidhani alikuwa mtu wa kucheka. Alichekesha, lakini yeye mwenyewe meno yake tuliyaona kwa nadra. Alikataza kelele ndani ya siné na yeye ndiye aliyekuwa na kelele kuliko wote. Alisema televisheni inaharibu watu, halafu akatafuta filamu mpya kwa kila dereva wa lori aliyetoka Kindu. Filamu yenye bunduki nyingi aliilaani tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuizima. Ukimwambia, "Mama, mbona unaonyesha usichopenda?" alijibu kwamba hata sombe, majani ya muhogo, haikupandwa kwa ajili yake peke yake.

Na alisali. Hapo ndipo penyewe. Alisali sala zake kwa wakati, na siné ikasimama pamoja naye, itake isitake. Mwadhini alipoanza kuita alasiri, Mama wa Siné alibonyeza kitufe, na picha ikaganda pale ilipofika. Shujaa ananing'inia kwenye jabali kwa vidole viwili: anabaki hapo hapo. Bibi harusi amefungua mdomo aseme ndiyo: abaki na mdomo wazi. Mama aliweka rimoti juu ya kiti chake, akachukua birika la udhu, akaacha kandambili zake mbele ya mlango wa chumba kidogo cha nyuma, na kuufunga.

Sisi tukasubiri. Mle ndani walikuwamo Waislamu wa mji, Wakatoliki, watu wa makanisa ya uamsho, na wachimba dhahabu walioshuka kutoka Salamabila wakiwa bado na udongo mwekundu kwenye viatu. Rimoti ilikuwa palepale kwenye kiti, na hakuna mkono uliowahi kuigusa.

Siku moja mchimbaji mmoja mgeni hakuelewa. Akaenda kwenye ule mlango, akagonga. "Hodi! Mama, tuendelee!" Kutoka ndani ikasikika koo ikisafishwa, nzito, kama ya mtu anayemwonya mbuzi. Akagonga tena. Koo tena, na ukimya ukawa mrefu zaidi.

"Papa, ikala," tulimwambia. "Kila hodi inaongeza rakaa."

Akakaa. Mama alipotoka alitengeneza ushungi wake, akaitazama ile picha iliyoganda, na kuuliza lile swali aliloliuliza kila siku baada ya sala: "Nani alikufa wakati sikuwapo?"

Na sisi sote, pamoja, "Hakuna!"

Hapo tu ndipo shujaa aliruhusiwa kuanguka.

Jambo jingine lililomfanya ajulikane mpaka Kabambare ni tafsiri zake. Filamu zilikuja kwa Kifaransa, na Kifaransa chake kilikuwa cha kununulia sabuni. Alituuliza tuliosoma, "Hao wawili wanaongea nini?" Tulimwambia, akasikiliza kwa heshima, kisha akatupa yote tuliyosema na kuwaeleza watu mambo yake. Jenerali mwenye nishani kifuani akawa muyomba, yaani mjomba, wa shujaa, amenuna kwa sababu kwenye mahari hakupewa mguu wa mbuzi. Polisi mwenye kofia alikuwa anataka karatasi za pikipiki. Nahodha wa meli aliyekuwa anakufa, akinong'ona maneno ya mwisho, kwa Mama alikuwa anamkumbusha mke wake arudishe kinu cha jirani. Miaka mingi baadaye niliiona filamu ile mahali pengine, na nahodha hakusema lolote kuhusu kinu. Nilihuzunika kweli. Ya Mama ilikuwa bora.

Halafu ikaja michezo ya kompyuta. Siyo ile ya mbio na risasi. Ilikuwa ile ya vichekesho ambapo unapeleka mshale juu ya kitu, unabonyeza, unakichukua, unakiunganisha na kingine, unaongea na watu wa ajabu na kupata majibu ya kipumbavu. Mtu mmoja alishika kipanya. Wengine wote walishika maoni. "Bonyeza dirisha!" "Mupe kuku kamba!" "Rudi kwa yule babu!" Mama wa Siné alisema ni mambo ya watoto, na alikaa mbele. Mshale ukimpita mzee ndani ya mchezo bila kumsalimu, alinung'unika, "Muzee amekaa pale, na weye unatafuta ufunguo?"

Kutoka kwenye benchi hilo niliamua kutengeneza wangu. Nilimpata Furaha, dada mmoja wa Bukavu anayechora sura za watu mpaka unajua ukoo wao. Mchezo wetu wa kwanza ulimhusu Kasimu, dereva wa pikipiki aliyepoteza mbuzi wa mahari njiani kati ya Kasongo na Kabambare. Nilifuata kanuni niliyoiona kwa wageni: mchezaji achukue kila anachokiona. Kasimu aliingia nyumba za watu, akachukua kamba, sufuria, kuku, taa, akavitia vyote ndani ya koti lake. Mchezo ulipendwa. Mtu mmoja wa Kinshasa, ambaye hucheza michezo mbele ya kamera na kuihukumu, alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti chake.

Niliuleta kwenye siné kwa kifua mbele. Chumba kilicheka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama alipita kwenye mabenchi akagusa vikombe, na vikombe vilikuwa baridi, nilivigusa mwenyewe. Lakini chake kilikuwa kimegeuzwa juu chini.

"Mutu yako ni mwizi," alisema.

"Koko, ni mchezo."

"Mi najua ni muchezo. Ameingia kwa watu. Hapana hodi, hapana salamu. Amekamata sufuria ya mama wa watu, amekwenda. Hapa Kasongo wangemufunga kabla mbuzi aonekane. Sasa munamucheka juu ya nini?"

Nilikasirika. Nilikwenda nyumbani nikamweleza Zaina, nikitegemea mke atasimama upande wa mume. Zaina akasema mke mwenzake amesema kweli tupu. Basi nikasusa siné. Nilizunguka njia ya mbali ili nisipite mlangoni pake, mpaka siku moja likaja bakuli la sombe lenye samaki, limefunikwa vizuri, pamoja na ujumbe: "Mwambieni bwana yangu, mutu anayesusa sahani ya muke wake analala njaa." Nilikula lote. Nilipokuwa nikilamba kidole nikaona mchezo wa pili mzima, umekaa mbele yangu ndani ya lile bakuli la watu linalongoja kuoshwa na kurudishwa.

Katika mchezo wa pili Kasimu anaoa. Mbuzi amepatikana, wageni wamealikwa, na hakuna sufuria za kutosha. Anatumwa kuazima sufuria nyumba kwa nyumba, kutoka Kasongo mpaka Nyangwe kando ya Lualaba, na safari hii hawezi kuchukua kitu. Ni lazima apige hodi. Ni lazima asalimu, na aulize habari za nyumba, za watoto, za shamba, za goti la mzee. Akikosea salamu, mlango unafungwa na anaanza upya. Akirudisha sufuria bila kuiosha, habari inamtangulia kijiji kinachofuata. Vichekesho vyote viko ndani ya salamu, kwa sababu kila mtu ana hoja yake, na hakuna anayetoa sufuria kabla hajamaliza kueleza. Furaha alichora nyuso, mimi niliandika maneno, na maneno yale, nusu yake, nilikuwa nimeyasikia kwenye siné.

Mwishoni kuna sufuria kubwa kuliko zote. Iko Nyangwe, ndani ya nyumba ya mama mmoja mfupi. Mlango umefungwa. Mbele ya mlango ziko kandambili mbili, pembeni birika, na ardhi imelowa kidogo. Kasimu anapiga hodi. Kimya. Ukipiga tena, koo inasafishwa ndani, na kusubiri kunaanza upya. Ukitulia, ukaacha kipanya, mama anamaliza sala yake na kufungua. Hakuna kitu kingine cha kufanya. Hilo ndilo fumbo la mwisho, na nililiona zuri kuliko yote niliyowahi kuyabuni.

Mchezo ukatoka, na wahakiki wakaanza.

Yule wa Kinshasa alisema sehemu ya pili imekua, imekuwa na aibu na adabu, na ina vichekesho ambavyo mama yake angevielewa. Mwandishi mmoja wa Ulaya aliandika kwamba huu ni mchezo wa kwanza aliouona ambapo mkosa adabu ndiye anayeshindwa. Niliyasoma maneno hayo kwa Zaina mara nyingi mpaka akaniomba nimwonee huruma. Wengine walisema sehemu ya kwanza ilikuwa na mbio, hii ya pili inatembea kama mzee anayekwenda msikitini. Sawa. Mzee huyo hufika.

Lakini wote, waliosifu na waliolaani, walikubaliana jambo moja: mlango wa Nyangwe ni mbovu. "Mchezo mzuri wenye mlango uliokufa," aliandika mmoja. Kutoka Salamabila nilipata ujumbe wa sauti wa chumba kizima cha wachimbaji wakipiga kelele kwamba wamebonyeza mpaka kipanya kimeanza kulia. Hata vijana wa Kasongo, Kasongo yetu hii, ambao kwenye nyumba ya kweli wasingethubutu kugonga mara mbili juu ya kandambili za mtu, mbele ya kompyuta waligonga kama polisi. Mwanamke mmoja wa Kindu alifaulu. Nilifurahi sana, nikamuuliza alijuaje. Akasema maharagwe yaliungua, akakimbilia jikoni, na aliporudi alikuta mlango wazi. Hata yeye alifikiri mchezo umejirekebisha wenyewe.

Furaha alinipigia simu. Yeye si mtu wa kupiga simu ovyo.

"Ndugu, wanaachia palepale mwisho," alisema. "Hawaoni harusi. Nilichora harusi ile kwa miezi, na hakuna anayeiona. Ondoa ule mlango. Hodi moja, ufunguke, basi."

"Lakini ndicho kichekesho chenyewe."

"Kichekesho anachokicheka mtu mmoja si kichekesho. Mwisho wa wiki nataka neno lako."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Sikuweza tena kujua kama nimetengeneza fumbo au nimetengeneza ukaidi. Nikajiambia kwamba yupo mtu mmoja duniani wa kuniamulia. Kama Mama wa Siné atapiga hodi mara ya pili kwenye mlango ule, nitauondoa kwa mikono yangu na sitalalamika.

Siné wakati huo ilikuwa imefungwa. Watu wote wanatazama kwenye simu sasa, na magoti ya Mama yalikuwa yamechoka kupita kati ya mabenchi. Binti yake Mwajuma, ambaye analima na kufanya biashara ndogo huko Wamaza, alikuwa amemchukua akae naye. Nilifunga kompyuta ndani ya nailoni, nailoni ndani ya begi, begi kifuani, nikapanda pikipiki. Njia ya Wamaza si ya kusimulia. Mahali pengine pikipiki ilitubeba sisi, na mahali pengine sisi tuliibeba yenyewe.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti chake kile kile cha siné. Alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa nzima.

"Mwajuma!" aliita. "Toka uone. Bwana yangu amekumbuka nyumba. Amekonda. Muke mwenzangu anamupa nini?"

Tulisalimiana kama inavyotakiwa, na ilichukua muda. Akaniuliza habari za mji, akaniambia ubaya wa Wamaza: hapa kila mtu anatazama filamu kwenye simu yake, peke yake, amejifunika, kama mutu anayekula kwa kujificha. Anacheka peke yake. Utajua vipi filamu ni nzuri? Hakuna vikombe.

"Koko," nikasema, "nimekuletea mchezo. Lakini utashika kipanya mwenyewe."

Katika miaka yote hakuwahi kukishika. Alikitazama, akafuta mkono wake kwenye kitenge, akakiwekea vidole. Mwajuma alituletea chai. Mama akaweka kikombe chake karibu, tayari kwa kukinywa na kukigeuza, na akaanza.

Alicheza polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kila mtu aliyemsalimu kwa kipanya alimsalimu pia kwa mdomo. Walipomuuliza Kasimu habari za nyumbani, alijibu yeye, habari za kweli, za magoti na za mvua. Sufuria aliziosha zote. Mtu mmoja kwenye mchezo alikataa kutoa sufuria kwa sababu ya kesi ya zamani ya bata, na Mama aliisikiliza kesi yote, akampa haki mwenye bata. Hakucheka. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni yake, nikihesabu nyufa za ukuta ili nisimtazame usoni.

Akafika Nyangwe.

Mlango, kandambili, birika. Akapeleka mshale, akabonyeza. "Hodi!" akasema Kasimu.

Kimya.

Kidole chake kilibaki juu ya kipanya. Nilikiona kinanyanyuka kidogo. Nikafikiria simu ya Furaha, nikafikiria wale wachimbaji na kipanya chao kinacholia. Mshale ukateremka mlangoni taratibu, ukapita kwenye birika, ukasimama kwenye kandambili.

Akaondoa mkono. Akaiweka mikono yote miwili mapajani.

Kutoka jikoni Mwajuma aliuliza kwa sauti kama tunataka mihogo.

"Sst! Punguza sauti," Mama alimwambia. "Mwenye nyumba iko mu sala."

Tukakaa. Kuku walipita barazani. Mwajuma alitoka, akatazama kompyuta ambayo haikuwa na kitu kinachotembea, akatutazama sisi, na kurudi jikoni kwa ncha za vidole. Ulikuwa muda mrefu kweli, mimi mwenyewe niliyeutengeneza niliuona mrefu. Mama hakusogea.

Mlango ukafunguka. Akatoka yule mama mfupi, akatengeneza ushungi wake, akamtazama Kasimu kutoka juu hadi chini, na kuuliza, "Nani alikufa wakati sikuwapo?"

"Hakuna!" alijibu Mama wa Siné.

Alijibu kwa nguvu, kama chumba kizima. Akasogeza uso karibu na ile picha: ule ufupi, yale mabega, ule ushungi usiokaa. Akageuka kwangu polepole sana.

"Weye."

"Ndiyo, koko."

"Umeniiba."

"Hapana, koko. Ule mutu wa muchezo wa kwanza ndiye alikuwa mwizi. Mimi nimetoka Kasongo mpaka Wamaza. Hii ndiyo hodi yangu."

Nimewahi kusubiri maneno ya watu wengi, wa Kinshasa na wa Ulaya, lakini sijawahi kusubiri hivyo.

"Basi karibu," alisema.

Nilitaka kulia, na nilifanya hivyo kidogo, upande ule asioweza kuuona. Alipomaliza harusi, na aliitazama yote, na kuusifu mkono wa dada aliyeichora, nilimweleza habari ya Furaha na ya wahakiki: kwamba wote wanasema mlango umekufa, na wanataka ufunguke kwa hodi moja.

"Hao wanaosema mulango umekufa," aliuliza, "wako na haraka ya kwenda wapi?"

"Sijui, koko."

"Mulango usiuguse. Lakini yule dada anasema kweli, ameshona nguo na hakuna wa kuiona. Sasa tia watu pale inje. Watu wa kusubiri. Mutu akigonga mara ya pili, wamuambie, papa, ikala. Sisi mu siné hatukusubiri peke yetu."

Nilishika kichwa. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeuweka mlango wake, koo yake na kandambili zake, nikasahau benchi letu. Nilimwona Furaha tayari akichora nyuso zao, mchimbaji mwenye viatu vyekundu katikati. Mtandao ungepatikana jioni nikirudi njia ya Kasongo, na neno langu lilikuwa tayari: mlango unabaki, chora benchi.

Nilikuwa na fahari ambayo siwezi kuipunguza hata nikijaribu. Mji wetu mdogo, siné yetu ya matofali, na huyu mama ambaye hakuna gazeti litakalomwandika, vilikuwa vimeshinda mjadala wa watu wenye kamera na taa.

Mwajuma alikuja kukusanya vikombe. Changu kilikuwa kitupu, kwa sababu hofu hunipa kiu. Aliponyoosha mkono kuchukua cha mama yake, mama yake alikiwahi. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na juu ya chai ulikuwa umeshakaa ule utando wa chai iliyosahauliwa. Mama wa Siné alikimwaga chote nje ya baraza, haraka, bila kuniangalia.

"Nzi ameingia," alisema.

Nikasimama. Nikashika kiuno.

"Koko," nikamwambia, "nionyeshe nzi."

Akatazama chini pale chai ilipomwagika, akatazama juu kwenye nyasi za paa la baraza, akanitazama mimi. Na hapo nikayaona meno yake, yote yaliyobaki.

"Ameruka," alisema, na akampa Mwajuma kikombe amjazie kingine.